Mstari wa Kumi na Saba

Ijumaa, 11 Julai

Leo watawa wa Kibudha wamejifungia hekaluni kwa miezi mitatu ya mvua, na kila mtu hapa Tha Sak ameweka nadhiri yake. Jirani yangu Saen ameapa mbele ya mkuu wa hekalu kwamba hatagusa pombe ya mchele mpaka watawa watoke. Dada yangu Buakhiao ameacha nyama ya ng'ombe. Mimi pombe sinywi, na nyama meno yalinikataza zamani, kwa hiyo nimeahidi kuandika hapa mpaka watoke, japo mstari mmoja mmoja.

"Heri ungeahidi kunyamaza, Kaka," Buakhiao ameniambia. "Wewe ukianza kueleza jambo, watawa watatoka wakuache unaeleza."

Kopo la uani limepata vidole viwili vya mvua. Ngazi za hekalu zinazoonekana juu ya maji ya mto ni kumi na tisa.

Jumamosi, 12 Julai

Vidole vinne. Ngazi kumi na nane.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekutana na Nim sokoni, akanifanya nikumbuke siku ya kuwaheshimu walimu, tarehe 12 mwezi jana. Nimestaafu miaka minane sasa, lakini wanafunzi wangu wa chuo cha ufundi bado wanakuja kila Juni na maua na vijiti vya uvumba, watu wazima wenye mvi, wanapiga magoti kwenye sakafu yangu. Nim alikuwa bora kuliko wote wa mwaka wake. Siku hizi ndiye mtu wa kompyuta wa hospitali ya wilaya.

Mwezi jana wenzake walipoondoka, yeye alibaki. Akasema, "Mwalimu, nina swali dogo kuhusu kijitabu."

Kijitabu ni changu, kurasa thelathini na mbili, nilikiandika kwa ajili ya darasa na hakijawahi kuuzwa. Nilifurahi. Nilimweleza tena uakisi tangu mwanzo. Programu ya kawaida, nilimwambia, hufanya kazi bila kujijua, kama mtu anayelima bila kuuona uso wake. Uakisi ni kuipa kioo. Mbele ya kioo programu inaweza kujiuliza: nina mbinu gani, yaani vipande gani vya kazi, kila mbinu inaitwaje, inapokea kitu cha aina gani, inarudisha nini. Halafu inaweza kuiita mbinu ambayo aliyeandika hakuitaja popote kwa jina. Nikamweleza programu ya ukaguzi iliyo ukurasa wa ishirini na moja, mstari kwa mstari: inasimama mbele ya kioo kila asubuhi, inatafuta mbinu zote zilizowekewa alama ya kukagua, inaziita moja baada ya nyingine, na mwisho inatoa idadi ya makosa. Nikamwambia mistari hiyo imefanya kazi miaka ishirini bila kuguswa.

Ilichukua kama saa moja. Alisikiliza, akapiga magoti, akaaga. Swali lenyewe sikumbuki kulisikia. Bila shaka nilikuwa nimeshalijibu.

Jumapili, 20 Julai

Vidole vitatu. Saen kamaliza siku tisa bila pombe na anatangaza kama redio.

Jumamosi, 2 Agosti

Nim amepita na kikapu cha matunda ya lamyai kutoka kwa mama yake. Amenenepa kidogo, anacheka ovyo, ana pikipiki mpya. Alikaa ngazini na Buakhiao wakimenya matunda.

"Siku hizi hospitali imetulia, Shangazi. Zamani kila Jumatatu muuguzi alifungua friji ya dawa na daftari mkononi, anahesabu chupa. Sasa tumeliacha daftari. Programu inahesabu yenyewe. Ikiona dawa yoyote imepungua, skrini inakuwa nyekundu."

"Na isipopungua?"

"Kijani. Tangu Mei ni kijani tu."

"Kama shamba la Saen," Buakhiao akasema. "Kijani tupu, ukisogea ni magugu."

Saen alisikia kutoka upande wake wa ua, akamjibu neno ambalo sitaliandika.

Ngazi kumi na nne.

Jumanne, 12 Agosti

Vidole sita, kopo dogo halitoshi tena. Daraja la Nong Yai limeanza kupitiwa na maji. Nyoka wanapanda kwenye matuta kutafuta pakavu.

Jumanne, 19 Agosti

Saen ameumwa na fira.

Nitaandika kwa utaratibu, maana nikiacha nitasahau nini kilitangulia. Alikwenda saa mbili asubuhi kuziba tuta lililobomoka. Alipoingiza mkono na mguu kwenye tope, nyoka alikuwa humo. Alimuuma juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Hakupiga kelele. Alirudi mwenyewe akichechemea, akasimama uani kwetu na kusema, "Buakhiao, usicheke. Nimeumwa." Mkwe wake Chanpen alimpakia kwenye pikapu, nami nikapanda nyuma kumshika.

Njiani alikuwa bado anasema. "Siku thelathini na tisa, Mwalimu. Ningejua ningekunywa."

Tulipofika hospitali kope zilikuwa zinamwanguka. Daktari aliuangalia mguu, akaagiza chupa kumi za dawa ya sumu ya fira. Muuguzi alikwenda kwenye friji. Alikawia. Aliporudi alikuwa na chupa mbili, moja kila mkono, na uso wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ukuta.

"Zipo hizi tu."

"Haiwezekani," daktari akasema. "Skrini inasemaje?"

Nim alikuja mbio kutoka ofisini kwake. Wote tulimfuata mpaka kwenye skrini iliyo kwenye ukumbi. Ilikuwa kijani. Iliandika: Makosa 0.

Walimpa zile mbili. Hospitali ya mkoa iko ng'ambo ya daraja la Nong Yai, na daraja lilikuwa chini ya maji yanayofika kifuani. Wakapiga simu. Wakajibiwa kwamba dawa itakuja mpaka darajani kwa gari, halafu mtumbwi, halafu gari jingine. Saa tano asubuhi Saen akashindwa kuvuta pumzi mwenyewe. Wakamwingizia mpira kooni, na wauguzi wakawa wanakamua mfuko wa hewa kwa mikono, kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anashika. Muuguzi aliyesimama karibu nami alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini. Nilijikuta nahesabu naye. Hilo ndilo pekee nililofanya siku nzima.

Chanpen alimwambia baba mkwe wake sikioni, "Baba, usiende. Nani atagombana na Shangazi Buakhiao?" Sijui kama alisikia.

Chupa nane zilifika saa tisa na nusu alasiri.

Nim alikaa sakafuni chini ya skrini muda wote huo, magoti kifuani. Nilimwinamia nikamuuliza kama amekula. Akasema, "Mwalimu, tafadhali usiniulize."

Jumatano, 20 Agosti

Anapumua mwenyewe. Mguu ni mweusi mpaka nusu ya muundi.

Ijumaa, 22 Agosti

Mguu umekatwa, chini kidogo ya goti. Ngazi tisa.

Jumapili, 24 Agosti

Nim amekuja na kompyuta yake ndani ya mfuko wa nailoni. Alipiga magoti mlangoni na hakutaka kuinuka.

"Mwalimu, nimekosa."

"Inuka, mwanangu. Tulione kosa kwanza, lawama itampata mwenyewe."

Kosa ni hili. Mpaka Aprili programu yake ilikuwa na mbinu tatu za kukagua friji: moja ya dawa za nyoka, moja ya chanjo, moja ya insulini. Zilifanana kama mapacha watatu. Mwezi wa Mei akaziunganisha kuwa moja, mbinu ya jumla, yaani mbinu yenye pengo mahali pa aina ya kitu. Humo ndani haikuandikwa dawa ya nyoka wala chanjo. Imeandikwa "kitu chochote cha aina fulani", na aina hiyo hujazwa wakati wa kuiita. Ni kama kalibu ya vitumbua. Kalibu ni moja, unga unabadilika. Alifanya vizuri sana. Ndivyo nilivyomfundisha, ukurasa wa tisa: usiandike jambo moja mara tatu.

Lakini kalibu haiwi kitumbua kabla hujatia unga. Ukisimama mbele ya kioo na kuiita mbinu ya jumla hivyo hivyo, na pengo lake wazi, programu inakataa na kusimama palepale. Inabidi kwanza uiulize kama ni kalibu, ina mapengo mangapi, kila pengo linakubali aina gani, kisha ulijaze pengo kwa kila aina inayofaa, na ndipo uite. Ni kazi ya mistari kama kumi.

Nilifungua ukurasa wa ishirini na moja. Sikuhitaji, nilikuwa nimeshakumbuka. Mstari wa kumi na saba unasema: ikiwa mbinu ni kalibu, iruke. Pembeni, kwa mwandiko wangu, nimeandika: tutarudi baadaye.

Mwaka ule nilipokiandika, mafuriko yalifunga chuo wiki tatu kabla ya muhula kwisha. Mwaka uliofuata nilipiga chapa kijitabu kilekile. Miaka ishirini sikurudi.

Tuliiendesha programu mbele ya kioo, mimi na yeye, tukiiuliza kwa mkono.

Una mbinu gani yenye alama ya kukagua? Ikajibu: Kagua.

Je, ni kalibu? Ndiyo.

Mapengo mangapi? Moja.

Kioo kilijibu ukweli kila kilipoulizwa. Kila asubuhi tangu Mei kilijibu ukweli, na mstari wangu ukageuza uso. Mbinu zilizoitwa: hakuna. Makosa katika mbinu zilizoitwa: sifuri. Kijani.

"Nim," nikamwambia, "huu mstari ni wangu."

"Programu ni yangu, Mwalimu."

"Kwa nini hukuubadilisha?"

Alitazama mikono yake. Nilijua jibu kabla hajasema. Wanafunzi wangu wote huanza kazi zao kwa kuweka ukaguzi wangu juu kabisa, na jina langu, kama watu wanavyotundika picha ya mwalimu ukutani. Chini yake wanajenga wanachotaka. Sehemu ile hawaigusi. Hakuna aliyewakataza, hakuna aliyewahi kuwaambia waiguse pia.

"Mvua inakuja," akasema. "Niende kabla barabara haijajaa."

Nilitaka kumuuliza jambo jingine, kuhusu ile siku ya Juni. Alikuwa ameshavaa koti la mvua.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimepiga simu kwa wanafunzi wa zamani kumi na wanane. Idara ya maji, ghala la mbegu, shule tatu, kiwanda cha barafu. Wote wana mstari ule. Nikawaambia wauondoe, nikawasomea mistari mipya.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umeandika?"

"Ndiyo, Mwalimu. Afya inaendeleaje?"

Yule wa kiwanda cha barafu tu ndiye aliyesema wazi. "Mwalimu, niseme ukweli? Siwezi kuupiga mstari wa Mwalimu kwa kalamu nyekundu. Njoo uuondoe mwenyewe, nitakuandalia chai."

Kiwanda kiko ng'ambo ya Nong Yai. Macho yangu hayaoni tena herufi za skrini bila Buakhiao kunisomea, na yeye husoma nukta kama kinyesi cha nzi.

Jumapili, 31 Agosti

Vidole vitano. Sina la kusema.

Jumatano, 10 Septemba

Hospitali imeunda kamati kuamua nani alisababisha Saen kupoteza mguu. Ikionekana ni Nim, ataondolewa kwenye kompyuta na kupelekwa kituo cha afya cha milimani, na barua itakaa kwenye faili lake mpaka siku ya kustaafu. Nimekwenda bila kuitwa. Nilivaa shati jeupe na nikachukua kijitabu.

Mwenyekiti ni Wirot, mkuu wa utawala. Nilimfundisha mwaka wa tatu. Nilipoingia, wajumbe wanne kati ya watano walisimama na kunisalimu kwa viganja vilivyounganishwa. Wakaniletea kiti chenye mto.

Nilieleza. Nilieleza vizuri, nadhani, kuliko nilivyowahi kueleza darasani. Kalibu, unga, kioo, mstari wa kumi na saba. Nikaweka kidole juu ya mwandiko wangu, tutarudi baadaye, nikasema, "Huyu aliyeandika hapa ndiye mnayemtafuta."

Nim alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Hakuinua uso.

Wirot aliangalia ukurasa kwa muda mrefu. Halafu akatabasamu kama mtu anayemsaidia mgeni kushuka ngazi. "Mwalimu, tunashukuru sana. Kijitabu hiki ndicho kilichotulea sote. Lakini mwalimu anafundisha msingi. Mwenye kuutumia msingi ndiye anayewajibika."

"Msingi wenyewe ulikuwa na shimo, Wirot."

"Mwalimu ni mnyenyekevu sana."

"Sikusema kwa unyenyekevu! Ninakiri!"

Nilipandisha sauti. Mjumbe mmoja mwanamke alinisogezea chai. Mwingine akasema kwa upole kwamba mvua hizi zinachosha, na kwamba gari la hospitali linaweza kunirudisha nyumbani.

"Nim," Wirot akasema, "unamwona Mwalimu? Umemtoa nyumbani kwenye mvua, kwa umri wake."

Akajibu, "Naona, mwenyekiti. Ninaomba radhi."

Nilirudishwa na gari. Wamenipa na mwavuli.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeandika barua kwa mkurugenzi wa hospitali. Ngazi saba.

Alhamisi, 18 Septemba

Uamuzi umetoka. Nim anahamia kituo cha milimani baada ya watawa kutoka. Hatagusa kompyuta, atapokea wagonjwa na kupanga kadi zao. Katika ukurasa wa mwisho wa taarifa wameandika sentensi moja kunihusu: Kamati inamshukuru Mwalimu Suthin kwa ushauri wake wa kitaaluma.

Nimeisoma mara nyingi. Nimewahi kupewa adhabu utotoni, viboko, kusimama juani. Hakuna iliyoniuma hivi.

Jumapili, 21 Septemba

Saen amerudi nyumbani. Chanpen amemwekea kitanda barazani ili atazame barabara. Nilikwenda na machipukizi ya mianzi aliyopika Buakhiao.

"Mwambie dada yako sasa nitanunua ndara upande mmoja," akasema. "Nitauliza bei ya nusu."

Nikakaa. Nikamwambia yote. Sikutumia kalibu wala kioo. Nikasema: niliandika jambo nusu, nikaahidi kulimalizia, sikulimalizia, na kwa sababu hiyo hapakuwa na dawa.

Alikuwa anaangalia pale mguu ulipokuwa.

"Nilidhani ni nyoka," akasema.

"Nyoka alikuuma. Dawa ilikosekana kwa sababu yangu."

"Si yule binti wa kompyuta?"

"Si yule binti."

"Basi unataka nikulaumu."

"Ndiyo."

"Haya. Nimekulaumu." Hakucheka. "Mshenzi wewe, Suthin. Nilikuwa na miguu mizuri." Kisha akafunika macho kwa kiganja. Baada ya muda akasema, "Nipe maji. Na usiniongelee mpaka niseme."

Nilimpa maji. Nilikaa mpaka jioni bila kuongea. Watu wote wa wilaya hii wananiita Mwalimu, na huyu ambaye hajui kuwasha kompyuta ndiye pekee aliyenielewa. Lakini yeye hayumo kwenye kamati yoyote. Nilimwomba amwambie Wirot. Akasema atasema. Leo hii hawezi kufika hata getini.

Jumanne, 30 Septemba

Saen alipelekwa kwa Wirot kwenye kiti cha magurudumu. Akasema kosa ni langu, si la Nim. Wirot akampa kikapu cha matunda na picha wakapigwa pamoja.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kopo kavu. Ngazi kumi na moja. Maji yanashuka bila kumwomba mtu ruhusa.

Jumanne, 7 Oktoba

Watawa wametoka leo. Nadhiri yangu imekwisha, huu ndio ukurasa wa mwisho.

Saa nne asubuhi Nim amekuja. Mizigo yake ilikuwa imefungwa nyuma ya pikipiki. Mkononi alikuwa na sinia ya maua na mshumaa, vile wanavyobeba watu wanaokwenda kuomba msamaha kwa wakubwa wao.

"Usinifanyie hivi," nikamwambia.

"Mwalimu, nimelichafua jina la Mwalimu mbele ya watu. Siwezi kupanda milimani kabla sijasamehewa."

Buakhiao alikuwa mlangoni. Alisema kwa ukali ambao sijausikia kwake, "Pokea, Kaka. Usimwongezee mzigo."

Nikapokea. Nikatamka maneno yanayotamkwa. Sikujua nilikuwa namsamehe nani.

Kisha nikamuuliza lile lililonikaa tangu Agosti. "Siku ile ya Juni ulisema una swali dogo. Lilikuwa swali gani?"

Aliinama. "Halikuwa kitu, Mwalimu."

"Nim."

Akafungua pochi yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mistari kumi na miwili, kwa mkono wake safi. Kuiuliza mbinu kama ni kalibu, kutafuta aina zote zinazofaa pengo lake, kulijaza pengo kwa kila aina, kuita. Mahali pa mstari wa kumi na saba.

"Nilitaka kuuliza kama ninaweza kuiweka," akasema. "Nilishaona mbinu yangu inarukwa. Lakini Mwalimu akaeleza mistari yote, tena kwa furaha, akasema haijaguswa miaka ishirini. Nikadhani mimi ndiye sijaelewa. Nikasema moyoni, nitarudi kuuliza siku nyingine."

Nje Saen alikuwa anamwita Buakhiao amletee pombe, nadhiri imekwisha, na Buakhiao anamjibu aje aichukue mwenyewe kwa mguu wake mmoja. Sauti zao zilikuwa za kawaida kabisa.

Nikashuka kutoka kwenye kiti changu, nikaketi sakafuni mbele yake. Alishtuka, akataka kuinama chini zaidi yangu, lakini sakafu haina chini yake. Nikamwambia, "Nieleze."

"Mwalimu anajua."

"Nieleze tangu mwanzo. Sitasema neno."

Akaeleza. Kidole chake kilipita juu ya karatasi mstari kwa mstari. Katika mstari wa tisa kulikuwa na jambo ambalo sikulijua: kwamba pengo likikubali aina chache tu, unaweza kukiuliza kioo mipaka yake kabla ya kujaribu. Mara tatu ulimi wangu ulitaka kuongeza mfano. Niliuuma. Ilichukua robo saa. Laiti ningempa robo saa hiyo mwezi wa Juni; nilikuwa nayo, nilikuwa na saa nzima.

Alipomaliza alinisalimu, akavaa kofia ya pikipiki, akaenda. Barabara ya milimani ni saa tatu.

Karatasi yake nimeibandika hapa, kwenye ukurasa huu. Pembeni juu, kwa penseli, ameandika tarehe: 12 Juni.